Rangi Juu ya Kitu Kinachopinda

Uundaji wa modeli ndogo, yaani sanaa ya kuunganisha vipande vya plastiki ili kupata gari, ndege, meli au kifaru kilichopunguzwa kwa uwiano maalumu, una tatizo moja linalowasumbua hata mafundi waliobobea, nalo ni kupaka rangi zile sehemu chache zinazopinda. Karibu modeli nzima huwa ni plastiki ngumu ambayo rangi hukaa juu yake kwa miaka mingi bila matata. Lakini matairi ya gari, minyororo ya kifaru, mipira ya breki ya pikipiki na vijisanamu vya askari vya bei nafuu hutengenezwa kwa vitu laini vinavyofanana na mpira, na hapo ndipo rangi iliyopakwa kwa uangalifu uleule hupasuka, hubanduka magamba magamba, au hukaa miezi ikinata bila kukauka. Mazungumzo haya yanakusudia kuonyesha kwamba rangi hulaumiwa mara nyingi isivyo haki, kwa sababu tatizo limo katika kitu kilicho chini yake na katika mwendo wa kitu hicho, na kwamba mpangilio wa kazi, yaani lipi litangulie na lipi lifuate, huokoa kazi kuliko chupa yoyote ya rangi inayouzwa dukani.

Asili ya sehemu hizi laini inafaa kutajwa kwanza, kwa maana inaeleza kwa nini ziliwekwa pale licha ya usumbufu wake. Kampuni ya Airfix ya Uingereza, ambayo jina lake limekuwa karibu sawa na modeli zenyewe katika nchi hiyo, ilianzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mzaliwa wa Hungaria, na bidhaa zake za mwanzo hazikuwa modeli bali vitu vya kuchezea vya mpira vilivyojazwa hewa. Modeli ya trekta la Ferguson ilikuja mwaka 1949, na ile ya meli ya Golden Hind, iliyouzwa katika maduka ya Woolworths, ikafuata mwaka 1952. Mwaka 1959 kampuni hiyo ilianza kutoa vijisanamu vya askari vyenye kimo cha takriban milimita 24, vilivyofinyangwa kwa plastiki laini ili bunduki na miguu yao myembamba isivunjike mikononi mwa watoto. Huko Japani, kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka ilitoa mwanzoni mwa miaka ya 1960 modeli ya kifaru cha Kijerumani aina ya Panther iliyotembea kwa mota, na ukubwa wake, ambao baadaye ukawa uwiano wa 1 kwa 35 unaotumika leo duniani kote kwa modeli za vifaru, ulitokana na nafasi iliyohitajika ili mota na betri vienee ndani ya bodi. Kifaru kinachotembea huhitaji minyororo inayozunguka magurudumu, kwa hiyo mkanda wa plastiki laini uliounganishwa ncha kwa ncha ulikuwa suluhisho la kihandisi lenye akili. Baadaye mota ziliondolewa katika modeli nyingi, kwa kuwa wanunuzi walianza kujali usahihi wa umbo kuliko mwendo, lakini mkanda laini ulibaki, na fundi wa leo amerithi kitu kilichobuniwa kizunguke, ilhali yeye anataka kitulie kabatini kikiwa na kutu na tope la rangi.

Ndani ya visanduku vya modeli huwamo vitu laini vya aina tatu, na anayevichanganya hawezi kupata matokeo ya kutegemewa. Cha kwanza ni mpira halisi, wa asili au wa kiwandani, uliopikwa pamoja na salfa kwa njia iliyogunduliwa na Charles Goodyear wa Marekani mwaka 1839, ambayo hufunga molekuli ndefu za mpira zikashikana na kuufanya urudi katika umbo lake kila unapovutwa. Cha pili ni vinili laini, yaani ile plastiki ya PVC inayotumika pia katika mabomba ya maji na makoti ya mvua, iliyotiwa mafuta maalumu ili ipinde. Kwa muda mrefu hicho ndicho kilichotumika zaidi kwa minyororo na matairi. Cha tatu ni polithini, plastiki ya jamii ya mifuko na madumu, ambayo ndiyo iliyofinyangiwa askari wa Airfix. Vitu vitatu hivi vinaweza kufanana machoni na mkononi, vyote vikiwa vyeusi na vyenye kupinda, lakini kila kimoja huiharibu rangi kwa namna yake.

Vinili laini inastahili maelezo marefu zaidi. PVC yenyewe, ikiachwa bila kuongezwa kitu, ni ngumu, na hubaki ngumu mpaka ifikie joto la nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich nchini Marekani, ndiye aliyeonyesha mwaka 1926 kwamba ikichanganywa na vimiminika fulani visivyokauka upesi, molekuli zake hupata nafasi ya kuteleza moja juu ya nyingine, na plastiki nzima ikawa laini katika joto la kawaida. Vimiminika hivyo huitwa vilainishi, na katika vinili laini vinaweza kufikia thuluthi ya uzito wote au hata kuipita. Jambo la kukumbukwa ni kwamba kilainishi hakijafungwa kikemia na plastiki inayokibeba. Kimehifadhiwa ndani yake tu, nacho huhama polepole kuelekea nje, na kikikuta juu ya uso wa plastiki kitu kinachokipokea, huingia humo.

Rangi ya mafuta ni mojawapo ya vitu vinavyokipokea. Rangi ndogondogo za mafuta zinazouzwa kwa waundaji wa modeli, kama zile za Humbrol, kampuni iliyoanza mwaka 1919 katika mji wa Hull nchini Uingereza, hukauka kwa hatua mbili: kwanza kiyeyushi chake hupaa hewani, kisha utomvu wake, wenye asili ya mafuta ya mimea, hunyonya oksijeni na kuwa mgumu. Ikipakwa juu ya vinili laini, kilainishi hupanda kutoka chini na kujichanganya na utomvu kabla haujawa mgumu, nacho huifanyia rangi kazi ileile kiliyoifanyia PVC, yaani huilainisha. Tokeo lake ni tabaka linalonata wiki hata miezi, linalokusanya vumbi na kubeba alama ya kila kidole. Fundi asiyejua hilo huongeza mkono wa pili wa rangi akidhani wa kwanza ulikuwa mbovu, na hivyo huongeza unene wa kitu kisichoweza kukauka. Hakuna subira itakayotibu hali hiyo, na njia ya busara ni kuiondoa rangi yote na kuanza upya na rangi ya aina nyingine.

Uhamaji wa kilainishi haudhuru rangi peke yake. Modeli nyingi za magari za Marekani za miaka ya 1960 na 1970 zimepatikana zikiwa na matairi yaliyoila rimu, kwa sababu kilainishi kilichotoka kwenye tairi kiliyeyusha plastiki ngumu ya polisitirini iliyokuwa imegusana nayo, kikaacha mfereji wenye umbo la tairi lenyewe. Makumbusho makubwa yanapambana na jambo hilohilo kwa gharama kubwa zaidi: katika mavazi ya wanaanga wa Marekani waliokwenda mwezini, mirija ya PVC iliyoshonewa ndani imetoa kilainishi chake na kutia madoa vitambaa vilivyo karibu. Yvonne Shashoua, mtaalamu wa uhifadhi katika Makumbusho ya Taifa ya Denmark na mwandishi wa kitabu kuhusu uhifadhi wa plastiki kilichotoka mwaka 2008, ameonyesha katika utafiti wake kwamba vitu vya PVC laini hudumu zaidi vikifungiwa katika chombo kisichopitisha wala kunyonya kilainishi, kama kioo. Katika miji ya joto la kudumu, ikiwemo ile ya pwani ya Afrika Mashariki, uhamaji huo huenda kasi zaidi kuliko katika nchi za baridi, kwa hiyo fundi wa Mombasa au Dar es Salaam ana sababu ya ziada ya kutenganisha tairi na rimu kwa tabaka jembamba la rangi ya maji au kwa ukanda wa karatasi ya aluminiamu, na ya kuiweka modeli mbali na dirisha lenye jua.

Polithini haina kilainishi cha kuhama, lakini ina ugumu wake mwingine. Kila uso wa kitu kigumu una kiasi fulani cha nguvu ya kuvuta kimiminika kinachoanguka juu yake, na kila kimiminika nacho kina mvutano wa uso, yaani nguvu inayokikusanya kiwe tone badala ya kutandaa. Mvutano wa maji ni takriban milinyutoni 72 kwa mita, ilhali nguvu ya uso wa polithini haizidi sana milinyutoni 31 kwa kipimo hichohicho, na ndiyo maana rangi ya maji iliyopakwa juu ya askari wa polithini hujikunyata na kuacha uwazi. Viyeyushi vya rangi ya mafuta vina mvutano mdogo zaidi, kwa hiyo rangi hiyo hutandaa vizuri na kumpa mpakaji matumaini. Lakini kutandaa si kushika. Juu ya polisitirini, kiyeyushi kikali hulainisha uso kidogo na rangi huota mizizi ndani yake, ilhali molekuli za polithini zimejipanga kwa namna isiyoruhusu kiyeyushi cha kawaida kupenya, na rangi hubaki imelala juu kama chokaa juu ya turubai, ikisubiri mkunjo wa kwanza ili ianguke.

Viwandani, nyuso za namna hiyo hupitishwa kwenye mwali wa moto kwa muda mfupi sana au kwenye cheche za umeme, ili oksijeni iungane na uso wa plastiki na kuupa nguvu ya kushika wino au rangi. Bampa za magari, ambazo siku hizi nyingi ni za plastiki ya jamii iyo hiyo, hupakwa kwanza praima maalumu yenye klorini inayozikubali pande zote mbili, plastiki iliyo chini na rangi iliyo juu, na praima hiyo hupatikana kwa mafundi wa gereji wanaopulizia magari rangi. Kwa askari wa milimita 24 mwali wa moto haufai kamwe, kwani uso na silaha yake vitayeyuka kabla ya mengine kutokea. Mafundi wa modeli walipata njia iliyo rahisi kuliko zote, nayo ni kumfunika askari mzima kwa tabaka jembamba la gundi nyeupe ya mbao iliyoongezwa maji, ambayo ikikauka hujikaza pande zote na kuwa ngozi iliyomvaa. Ngozi hiyo haishikani na polithini kwa kemia, bali hukaa kwa sababu imemzunguka kila upande na haina pa kutokea, na rangi ikipakwa juu yake hukutana na uso unaoipokea. Ni ufumbuzi unaostahili heshima, kwa kuwa unakubali kwamba kitu fulani hakiwezekani na kutafuta njia nyingine ya kufika palepale.

Kisha huja suala la kupinda lenyewe, ambalo wengi hulizungumza kwa kukisia ilhali linahesabika. Kitu chenye unene kinapopindwa, uso wake wa nje hurefuka na uso wa ndani hufupika, huku katikati kukiwa na mstari usiobadilika urefu. Kiwango cha kurefuka kwa uso wa nje hupatikana kwa kugawanya nusu ya unene kwa nusukipenyo cha mpindo, kikipimwa kwenye mstari huo wa katikati. Mnyororo wa unene wa milimita 2 ukizungushwa penye mpindo wa nusukipenyo cha milimita 10, vipimo ambavyo si vigeni katika modeli za uwiano wa 1 kwa 35, uso wake wa nje hurefuka kwa asilimia 10, na rangi iliyopakwa wakati mnyororo umelazwa mezani haina budi kurefuka kiasi hichohicho au ipasuke. Rangi ya mafuta iliyokwisha kukauka na kuzeeka huvumilia asilimia chache tu, na lakari za selulosi, yaani zile rangi zinazokauka upesi kwa tina, nazo si afadhali. Hapo hakuna fumbo lolote: rangi imeombwa kufanya jambo lililo nje ya uwezo wake.

Hesabu hiyohiyo hutoa pia njia ya kutokea. Ikiwa mnyororo utafungwa kwanza kwenye magurudumu, ukawekwa katika umbo utakalobaki nalo na kugandishwa mahali pake, ndipo ukapakwa rangi, basi kurefuka kote kumekwisha kutokea kabla ya rangi kufika, na hata rangi isiyovumilia chochote haina tena cha kuvumilia. Mpangilio huo una faida nyingine ya umbo. Mnyororo wa kifaru halisi hutengenezwa kwa chuma kizito, ule wa Panther ukiwa na upana wa milimita 660, na sehemu yake ya juu hulala kwa uzito juu ya magurudumu. Mkanda wa vinili, kinyume chake, ni mwepesi na una mkazo, hivyo hunyooka kama mkanda wa mashine na kuifanya modeli ionekane ya kuchezea. Anayeutia gundi ya kukauka upesi juu ya kila gurudumu kabla ya kupaka rangi hurekebisha kasoro mbili kwa tendo moja. Ugumu uliopo ni kwamba brashi haifiki vizuri nyuma ya magurudumu, na hilo hutatuliwa kwa kuyapaka maeneo hayo rangi nyeusi ya tope kabla ya kufunga mnyororo, ili kivuli kifiche kisichofikika. Usumbufu huo ni mdogo ukilinganishwa na kuona kazi ya siku nzima ikipukutika mnyororo unapovishwa, na ajabu ni kwamba maelekezo mengi ya modeli bado huweka hatua ya minyororo mwishoni kabisa, baada ya rangi.

Si kila sehemu inayoweza kutulizwa namna hiyo. Mipira ya breki ya pikipiki hupindwa wakati wa kufungwa, na askari wa mchezo wa vita vya mezani hushikwashikwa kila mara, kwa hiyo kwao inabidi rangi yenyewe iwe na uwezo wa kupinda. Sifa inayoamua hilo ni kile kiwango cha joto ambacho chini yake utomvu huwa mgumu na wenye kuvunjika kama kioo, na juu yake huwa laini kama mpira. Katika familia ya akriliki, utomvu mmoja, ule ambao peke yake hutoa vioo vya plastiki, una kiwango cha karibu nyuzi 105 za Selsiasi, na mwingine una kiwango cha takriban nyuzi 50 chini ya sifuri. Watengenezaji huchanganya jamii hizo kwa vipimo wanavyotaka na kupata rangi za maji ambazo zikikauka hubaki na unyumbufu. Katika rangi hizo utomvu huelea ndani ya maji kama chembechembe ndogo mno, na maji yanapopaa chembe hizo husogeana, zikaminyana na kuungana kuwa utando mmoja, shughuli ambayo huendelea kwa siku kadhaa baada ya uso kuonekana mkavu. Kwa hiyo anayepinda sehemu iliyopakwa jana ameijaribu rangi kabla haijawa rangi kamili. Yafaa kujua pia kwamba si kila rangi iliyoandikwa akriliki ni ya namna hiyo, kwa kuwa zipo akriliki zinazoyeyushwa kwa alkoholi ambazo hukauka zikiwa ngumu zaidi.

Wanaotengeneza nyuso bandia kwa ajili ya filamu walikutana na tatizo hili kwa ukali kuliko waundaji wa modeli, maana uso wa mwigizaji hautulii hata dakika moja. Dick Smith, msanii wa Marekani aliyeshiriki tuzo ya Oscar kwa kazi ya vipodozi katika filamu ya Amadeus ya mwaka 1984, alianzisha matumizi ya mchanganyiko wa gundi ya ngozi na rangi ya akriliki, ambao hupakwa juu ya mpira na kucheka, kukunja uso na kutokwa jasho pamoja nao bila kupasuka. Kabla ya hapo mafundi wa vinyago vya mpira walikuwa wakichanganya rangi na gundi ya mpira yenyewe, na kanuni iliyo chini ya njia zote mbili ni moja: kinachoibeba rangi kifanane, kwa tabia, na kile kinachopakwa. Kwa vinili laini, kanuni hiyo hutekelezwa na rangi za kupulizia zilizokusudiwa kwa viti na dashibodi za magari, ambazo hubeba utomvu wa jamii ya vinili ndani ya kiyeyushi kikali kinachopenya uso na kuungana nao. Hushika kwa nguvu kuliko rangi nyingine zote, lakini lazima zipuliziwe kidogo kidogo, mahali penye hewa ya kutosha, na sehemu ikiwa imetenganishwa kabisa na modeli, kwa sababu kiyeyushi hichohicho kitaikunja polisitirini iliyo jirani.

Usafi hauhitaji maneno mengi: sehemu laini hutoka kiwandani zikiwa na mabaki ya mafuta yaliyotumika kuziachanisha na kalibu, na maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo, pamoja na mswaki mzee, huyaondoa. Unene wa rangi, kwa upande wake, una uzito usiopewa haki yake. Tabaka linapovutwa huhifadhi ndani yake nguvu inayotaka kulirudisha, na kiasi cha nguvu hiyo kwa kila eneo huongezeka sambamba na unene. Tabaka likiwa nene maradufu, nguvu inayoweza kulipasua na kulibandua huwa maradufu pia. Ndiyo sababu mikono miwili myembamba hudumu kuliko mmoja mzito, na ndiyo sababu unga wa rangi, yaani rangi kavu isiyo na utomvu, hukaa vizuri ajabu kwenye minyororo: haujiungi kuwa utando, bali hulala katika mashimo na mikwaruzo ya uso, na kitu kisicho utando hakina cha kupasuka. Matone machache ya alkoholi hutosha kuutuliza mahali pake.

Kabla ya kuigusa sehemu yenyewe, fundi makini hujaribu rangi yake juu ya kipande cha vinili kilichobaki kwenye fremu, na vipimo vya viwandani vinaweza kuigwa nyumbani bila gharama. Shirika la Kimataifa la Viwango lina kiwango nambari 1519, kinachoagiza kukunja bamba lililopakwa rangi kwenye fimbo ya mviringo ya kipenyo kinachojulikana na kuchunguza mipasuko, na kiwango nambari 2409, kinachoagiza kuchora miraba midogo kwa kisu na kuangalia ni mingapi itakayobanduka. Msumari na kipande cha selotepu hutosha kwa shughuli hiyo mezani, mradi kipande cha majaribio kipewe angalau wiki nzima kwanza, kwa kuwa unato unaosababishwa na kilainishi hauonekani siku ya kwanza.

Limebaki swali ambalo lingestahili kuulizwa mapema na kila mpakaji, nalo ni kama sehemu hiyo inahitaji kupakwa rangi hata kidogo, na kama ndiyo, rangi gani. Jibu hutegemea kitu halisi kinachoigwa. Matairi ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa meupe au ya kijivu hafifu, kabla masizi ya kaboni hayajaanza kuchanganywa na mpira ili kuuongezea uimara, kwa hiyo gari la miaka hiyo likiwekewa matairi meusi limekosewa. Matairi ya baadaye ni meusi yakiwa mapya tu. Barabarani huwa kijivu chenye vumbi la rangi ya udongo wa mahali husika. Katika vifaru, Wamarekani waliipa Sherman minyororo ya vipande vya mpira, kama ile iliyoitwa T48, lakini pia ile ya chuma iliyoitwa T54E1. Wasovieti walitengeneza mwaka 1942 baadhi ya T-34 zenye magurudumu ya chuma yaliyofichwa mpira kidogo ndani yake. Na Wajerumani walibadilisha magurudumu ya Tiger mwanzoni mwa mwaka 1944 kwa nia ya kubana matumizi ya mpira.

Mpira ulikuwa umeadimika kote wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kwa upande wa Washirika sababu kubwa ilikuwa ni Japani kuiteka Malaya na visiwa vya Waholanzi mapema mwaka 1942, maeneo yaliyokuwa yakizalisha sehemu kubwa mno ya mpira wa asili duniani. Pengo hilo liliwafikia watu wa Afrika ya Kati na Mashariki kwa njia chungu: katika Kongo ya Wabelgiji siku za kazi za lazima zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na wanavijiji wakarudishwa msituni kugema mpira, wakati huko Tanganyika mashamba ya mpira yaliyotelekezwa tangu enzi ya Wajerumani yalifufuliwa kwa nguvu kazi iliyoandikishwa kwa amri ya serikali. Fundi anayeamua leo kama ukingo wa gurudumu dogo upakwe rangi ya mpira au ya chuma anashughulika na historia hiyo, ajue asijue, na ni vizuri aijue.

Kwa hiyo minyororo ya chuma ya Panther hupakwa yote rangi ya hudhurungi iliyokolea, ikaongezwa unga wa kutu na tope, na kung'arishwa kwa penseli ya risasi pale tu inapogusana na ardhi. Ilhali ile ya mpira ya Sherman, ikiwa imefinyangwa kwa vinili ya kijivu iliyopauka vizuri, yaweza kuachwa mpira wake ulivyo, ikasuguliwa polepole kwa msasa laini ili kuondoa mng'ao, na rangi ikapelekwa kwa brashi nyembamba kwenye viungo vya chuma peke yake. Viungo hivyo ni vidogo na vimejitenga kimoja kimoja, kwa hiyo kila doa la rangi hupanda na kushuka na kipande chake mnyororo unapozungushwa, na sehemu inayopinda hubaki bila rangi ya kupasuka.